Somo Lililobaki kwa Heshima

Binti yangu aliponipigia simu kuniomba nije Dodoma nifungue kikao kwa dua, nilidhani ni kikao cha harusi. Nikamuuliza anayeoa ni nani. Akacheka, akasema hakuna anayeoa, ni kikao cha kupitia mtaala. Neno mtaala nalijua, maana hata sisi walimu wa madrasa tumewahi kuletewa mtaala kutoka juu. Lakini sikuwahi kusikia kwamba mtaala huitiwa watu, wakaujadili ukumbini kutwa nzima na kuuombea dua.

Yeye ni mhadhiri katika chuo kimoja mjini. Si kile kikubwa cha Chimwaga ambacho kila mgeni huonyeshwa. Ni chuo kidogo, upande mwingine wa mji, na jina lake sina haja ya kulitaja. Anafundisha uhandisi wa programu, yaani namna ya kutengeneza programu za kompyuta na za simu kwa mpango, zisije zikawaharibikia watu mikononi. Sheikh anayewafungulia vikao alikuwa safarini, binti yangu akawaambia wenzake kwamba baba yake yupo. Basi nikaagana na watoto wangu wa madrasa pale Busi, nikamwachia msaidizi wangu juzuu walizokuwa wanasoma, nikapanda basi la asubuhi kutoka Kondoa.

Nilifika kwake alasiri. Ulikuwa mwezi wa Julai, na upepo wa Dodoma wa Julai humkumbusha mtu mzima umri wake. Nikaswali, akaniletea chai barazani, tukakaa. Nilimwona ana wasiwasi. Alikuwa anashika kabrasha la kikao, analiweka, analishika tena. Nikamwambia anieleze hicho ninachokwenda kukiombea, kwa sababu si vizuri mtu kumwomba Mwenyezi Mungu jambo asilolijua.

Akanieleza taratibu, kama ninavyowaeleza watoto. Mwanzoni, alisema, somo la namna hii halikuwepo popote duniani. Watu wa hesabu na watu wa umeme waliwekwa mbele ya mashine kubwa wakajifundisha wenyewe. Programu zikawa zinachelewa, zinakosea, zinaharibu kazi za watu, mpaka wenye ujuzi wakakaa pamoja wakasema kazi hii ifundishwe kama anavyofundishwa mjenzi wa daraja. Kwetu lilikuja kama kipande cha somo la hesabu. Baadaye likawa somo kamili ndani ya shahada ya kompyuta, kisha likakua likawa shahada yenyewe. Na kila lilipokua palikaliwa kikao kuamua kipi kiingie.

Nikamuuliza, "Na kipi kitoke?"

Akatabasamu kwa uchovu. "Baba, huku kwetu hakitoki kitu."

Hapo ndipo aliponiambia lililokuwa linamsumbua. Alikuwa na somo lake jipya, amelifanyia kazi muda mrefu. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, kabla hajaruhusiwa kutengeneza programu yoyote ya kuhitimu, akakae muhula mzima na watu watakaoitumia. Awasikilize, aone wanavyofanya kazi zao, awaulize, kisha ndipo arudi chuoni kutengeneza. Somo hilo lilikwisha kukataliwa na idara mara moja, si kwa ubaya, ila kwa kukosa nafasi. Idadi ya masomo ina mpaka. La kwake likitaka kuingia, lazima jingine litoke, na kikao cha kesho kikipita bila kuliingiza, atasubiri miaka mpaka mtaala upitiwe tena. Alikuwa amekwisha kuchagua la kutoka, na ameliandika kwenye kabrasha.

Nikauliza ni lipi. Akasema ni somo la kuandika programu kwa kalamu. Nikauliza ni la nani. Akaitazama chai yake.

"La Mwalimu," akasema.

Ninapaswa kueleza Mwalimu ni nani. Binti yangu alipokuwa mwaka wa kwanza wa chuo mama yake alifariki, Mungu amrehemu. Akaja Busi kwenye mazishi na hakuondoka tena. Wadogo zake walikuwa bado wadogo, akajitwika jiko, kuni na maji bila kuambiwa na mtu. Mimi mwenyewe wakati huo nilikuwa nimepotea ndani ya nafsi yangu. Siku moja akashuka kwenye basi mtu mwenye mkoba wa ngozi, akauliza nyumba yetu. Alikuwa Mgogo, mzee wa kanisa, mtu wa rika langu. Undugu nasi hakuwa nao, na dini yetu si moja. Alikaa mkekani, akanywa uji wa uwele, akanipa pole, kisha akasema yeye ni mwalimu wa binti yangu na amekuja kumwomba arudi darasani. Kama kinachomzuia ni wadogo zake, akasema, basi tulizungumze hilo kwanza. Tukalizungumza mpaka adhuhuri. Mwisho wake dada yangu alihamia kwetu, na binti akarudi chuoni. Tangu siku hiyo sijainua mikono kuomba bila kumtaja mtu yule.

Sasa binti huyohuyo ananiambia kwamba kesho atasimama mbele ya watu kulifuta somo la mtu huyohuyo, naye akiwa ukumbini. Nikamuuliza kama amekwenda nyumbani kwake kumwambia. Sisi tuliolelewa na masheikh, ukiona neno la kumrekebisha mwalimu wako unakwenda kwake, unabisha hodi, unakaa chini, unalileta kama swali. Akasema hizi ni taratibu za ofisi, Mwalimu ni mstaafu, naye ataletewa kabrasha kama wadau wengine.

"Kabrasha," nikasema.

"Nilifika mpaka getini kwake, Baba. Mara mbili. Nikashindwa kuingia."

Adhana ya magharibi iliniokoa na jibu, nikaenda kutawadha.

Asubuhi tulikuta ukumbi umejaa. Niliketishwa meza kuu pamoja na mchungaji, kwa sababu desturi ya vikao vyetu ni dua mbili, ya Kiislamu na ya Kikristo, na waliofungua ndio wanaofunga. Kwa hiyo hata mtu akitaka kuondoka baada ya chai, hawezi. Mwalimu alikuwa mstari wa mbele, amevaa sweta zito, nywele zimekuwa nyeupe zote. Aliponiona alinyanyuka akaja mpaka mezani, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniuliza kama Busi bado tunapika ule uji. Nikamjibu kwamba uji upo, anayekosekana ni yeye. Nilikuwa nacheka, lakini moyoni nilijisikia kama mtu anayempokea mgeni huku akijua kilichofichwa nyuma ya mlango.

Tukaomba. Kisha mkuu wa idara akasimama kusoma historia ya mtaala wao, na hapo nikaanza kushangaa, mshangao ambao mpaka leo haujaniisha.

Alieleza kwamba mtaala wa kwanza uliandikwa kwa haraka, na sehemu kubwa ilichukuliwa kwenye mitaala ya nchi za nje. Ndiyo maana, akasema, kwa muda mrefu zoezi kuu la wanafunzi wetu lilikuwa kutengeneza programu ya kupanga ratiba za treni zinazopita chini ya ardhi. Ukumbi ukacheka. Nikamwinamia mchungaji kumuuliza kama nimesikia vizuri, treni, chini ya ardhi, Dodoma?

"Sheikh," akaninong'oneza, "hii ya umeme yenyewe imetufikia juzi tu, tena juu ya ardhi."

Akaendelea. Mapitio ya kwanza na ya pili yaliongeza masomo ya mtandao. Ya tatu yaliongeza ya simu za mkononi. Kila mara waliongeza, na kila mara lile somo la kalamu lilibaki palepale, mwaka wa kwanza na wa pili, pamoja na mtihani wake. Sikuelewa, mchungaji akanielewesha. Mwanafunzi anapewa karatasi, anaandika programu kwa mkono, mstari kwa mstari, na mhadhiri anaisoma kwa macho kuona kama ingefanya kazi. Nikauliza kama mashine hawana. Akasema wanazo, vyumba viwili vimejaa.

Nilipigwa na butwaa. Katika dini yetu, mtu akikosa maji anaruhusiwa kutayamamu, anapangusa uso na mikono kwa udongo safi akaswali, na swala yake inakubaliwa. Lakini maji yakipatikana, tayamamu imekwisha. Hakuna anayesimama kando ya bomba linalotiririka akatafuta udongo. Hawa walikuwa na maji vyumba viwili, na bado walikuwa wanawafundisha vijana kupangusa.

Wa kwanza kulitamka jambo hilo waziwazi alikuwa kijana mmoja aliyetumwa na kampuni inayoajiri wahitimu. Alikuwa na suruali ya kubana na ulimi mwepesi. Alisema wahitimu wa chuo hiki wanafika kwao wakiwa na mwandiko mzuri kuliko wote nchini, mpaka wenzake huwapa kazi ya kuandika kadi za harusi. Watu walicheka mpaka wengine wakafuta machozi. Mwalimu naye alicheka. Binti yangu hakucheka. Alikuwa anangojea zamu yake.

Zamu yake ilipofika alisimama, akawasalimu wakubwa, akasema, "Shikamoo Mwalimu," kwake peke yake, kwa jina hilo, mbele ya watu wote. Mwalimu akaitikia. Kisha binti yangu akasema kwa sauti ambayo nilijua ameilazimisha isitetemeke kwamba anapendekeza somo la kuandika programu kwa kalamu litolewe katika mtaala, na nafasi yake ichukuliwe na somo la kuwasikiliza watumiaji.

Watu wakatazama chini. Wahadhiri wazee walikuwa wanafunua makabrasha yao kana kwamba wamepoteza ukurasa. Nilitamani nikohoe, nidondoshe kitu, niseme swala imefika, na haikuwa imefika. Nilimtazama Mwalimu, nikaona ameweka miwani mezani na anajipangusa macho.

Mwenyekiti, ambaye ndiye mkuu wa chuo, akaanza maneno ya kupoza. Akasema somo hili lina historia yake, kwamba mwanzilishi wake ni mzee wetu tunayemheshimu, labda tuliache mpaka mapitio yajayo. Mwalimu akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mwenyekiti, samahani. Nani aliwaambia kwamba nalipenda somo hili?"



Akasimama, akajishikilia kwenye kiti cha mbele yake, akasimulia. Chuo kilipofunguliwa, wanafunzi walifika kabla ya kompyuta. Mashine zilikuwa zimekwama safarini, na jengo lenyewe halikuwa na umeme wa kutegemewa. Vijana walikuwa wanakaa chini ya madirisha kutwa nzima wakicheza karata. Akaona aibu. Akakaa na karatasi zake akatunga somo la muda la kuandika programu kwa mkono, ili muhula usipotee bure. Aliliandika la muhula mmoja. Mashine zikafika. Mapitio ya kwanza yalipokuja yeye alikuwa masomoni nje ya nchi, wenzake wakasema si adabu kufuta somo la mtu ambaye hayupo. Mapitio ya pili yalipokuja alikuwa yeye ndiye mkuu wa idara, na nani angefuta somo la mkuu wake? Ya tatu yalimkuta anakaribia kustaafu, wakaliacha kama zawadi ya kumuaga.

"Nami kila mara nilikuwa nangoja mlitoe," akasema. "Nilipoona hamlitoi nikajiambia, kumbe vijana hawa wanalipenda somo langu, nisiwavunje moyo. Nikawa natunga mtihani kila mwaka."

Watu wakaanza kucheka, na kicheko kikakatika njiani, kwa sababu kila mmoja alikuwa anaanza kuona alichoambiwa. Wao walikuwa wanamstahi yeye, yeye alikuwa anawastahi wao, na katikati ya heshima hizo mbili walikuwa wamekaa vijana, kundi baada ya kundi, wanaandika programu kwenye karatasi. Binti yangu alikuwa mmojawapo. Alikuwa bado amesimama, mkono umefunika mdomo. Mimi nimefundisha watu adabu maisha yangu yote, na sitaacha kuifundisha. Lakini sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoogopa dakika ile, kuona jambo zuri kama heshima limeweza kufanya kazi hiyo bila mtu hata mmoja kuwa na nia mbaya.

Mwalimu akamgeukia binti yangu. "Mwanangu, nilikuona getini. Ningekufungulia, lakini nilitaka kuona kama utalisema hapa."

Basi somo la kalamu likatoka, bila kupingwa. Nikashukuru kimya kimya nikidhani shauri limekwisha. Kumbe ndiyo kwanza lilikuwa linaanza, kwa sababu sasa palikuwa na nafasi wazi, na si binti yangu peke yake aliyekuwa anaitazama.

Yule kijana wa kampuni akaomba tena kusema. Safari hii hakufanya utani. Aliwaamkia wazee kwa heshima, akasema anamheshimu sana mhadhiri, lakini nafasi hiyo ipewe somo la akili mnemba. Dunia imekwisha kugeuka, akasema. Leo ukiiambia mashine unataka programu ya namna gani, inaiandika yenyewe wakati wewe unakunywa chai. Nilimwangalia mchungaji, na yeye safari hii alikuwa ananiangalia mimi. Tulikuwa tumetoka kusikia kwamba watu walikuwa wanafanya kazi ya mashine kwa kalamu, na kabla hatujatulia tunaambiwa mashine zinafanya kazi ya watu. Kijana akauliza kuna faida gani kumpeleka mwanafunzi kukaa muhula mzima na watu, tuseme wafugaji, wakati mambo ya kuwauliza watu anaweza kuyajifunza kazini kwa wiki mbili. Vichwa vingi viliitikia. Nikaona mwenyekiti anaandika kitu. Nikaona pia binti yangu ameliona hilo.

Ndipo akasimulia habari ambayo hata mimi baba yake hakuwahi kunisimulia.

Wahitimu wao wawili, vijana wazuri, wasikivu, walitengeneza programu ya kusajili mifugo kwa ajili ya mnada mmoja upande wa Chemba. Ilikuwa nzuri, haikukwama, walipewa tuzo. Kila ng'ombe alipigwa picha na kuandikiwa mwenyewe, na nafasi ya kuandika jina la mwenyewe ilikuwa ya mtu mmoja tu. Sasa mtu yeyote aliyekulia nyanda hizi anajua kwamba ng'ombe huwekwa kwa watu. Mtu anampa rafiki yake amtunzie. Rafiki anakunywa maziwa, anatumia samadi, siku nyingine anapewa ndama, lakini ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Watu wawili, ng'ombe mmoja, wala hakuna karatasi. Vijana hawakuuliza, na hakuna aliyewafundisha kwamba ni lazima kuuliza. Mzee mmoja akapeleka mnadani kusajili ng'ombe aliowekewa na rafiki yake, na mashine ikamwandika yeye. Hakuiba, hakudanganya, aliulizwa jina akataja jina. Baadaye yule rafiki akafariki, watoto wake wakaja kuchukua ng'ombe wa baba yao, wakaambiwa mashine inasema si wa baba yao. Ikawa maneno, yakawa matusi, yakafika baraza la kata, yakashindikana. Yule mzee alitaka kuwarudisha ng'ombe kwa mkono wake, wanawe mwenyewe wakamzuia kwa sababu mashine imekwisha kusema.

"Zile nyumba mbili," binti yangu akasema, "sasa haziziki pamoja."

Waliozaliwa bara hili hawahitaji kuelezwa uzito wa neno hilo. Unaweza kugombana na jirani miaka, lakini siku ya msiba unashika jembe unakwenda. Nilijikuta nimenyanyuka nusu kwenye kiti. Programu isiyo na kosa hata moja, iliyopewa tuzo, imefika mahali ambapo njaa na ukame havikuwahi kufika.

Mwalimu alitikisa kichwa kwa muda mrefu. "Mimi ng'ombe wangu wote hawako kwangu," akasema. "Mkija na mashine yenu, mtanikuta maskini."

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu wanaotafuta pumzi. Kisha akamuuliza kijana wa kampuni swali, bila kumdhihaki. Hiyo mashine inayoandika programu, nani ataiambia kwamba ng'ombe ana watu wawili? Kijana akasema mhandisi ataiambia. Na mhandisi ataambiwa na nani? Kijana akafikiri, akajibu kwamba hilo amelipokea, lakini bado anaona muhula mzima ni mwingi na akili mnemba haiwezi kungoja miaka. Halikuwa jibu la kijinga. Nilimpenda kwa kutokubali haraka.

Mwenyekiti akaona shauri limekuwa zito. Akamwomba Mwalimu aseme neno, kwa kuwa nafasi iliyokuwa inagombewa ilikuwa yake. Binti yangu alikaa sawasawa kwenye kiti. Najua alichokuwa anakifikiri, maana na mimi nilikifikiri. Mtu aliyekuja Busi kumrudisha darasani hawezi kumwangusha leo.

Mwalimu akasema, "Liingie. Lakini liandikiwe na mwisho wake."

Akaeleza. Somo liingie kwa mtaala huu mmoja tu. Mapitio yajayo yakifika, lihesabiwe kwamba limekwisha kutoka. Kama lina faida, asimame mtu mwingine alitetee upya, asiwe mtunzi wake. Asipopatikana wa kulitetea, likome hapo.

"Sitaki siku moja ukae mstari wa mbele kama mimi," akamwambia binti yangu, "umevaa sweta, unangoja watu waache kukuheshimu."

Niliona uso wa binti yangu ukibadilika. Alikuwa ametegemea baraka, akapewa masharti. Kazi yake ya miaka, kabla haijafundishwa hata siku moja, ilikuwa imekwisha kuandikiwa kifo. Mwenyekiti akamuuliza kama anakubali. Alifunga kabrasha lake kwanza. Niliomba. Sikuomba akubali wala akatae, niliomba tu asiseme neno la hasira kwa mtu yule.

"Nakubali, Mwalimu," akasema. "Kwa sharti moja. Na mengine yote yaandikiwe hivyohivyo."

Ilikuwa kama mtu amerusha nyoka ukumbini. Wahadhiri ambao kutwa nzima walikuwa wametulia wakaanza kusema kwa pamoja. Mmoja akasema somo lake ni la msingi, mwingine akasema la kwake linatambulika kimataifa. Mwalimu alikuwa anacheka kimya, mabega yanatikisika ndani ya sweta. Mwenyekiti akagonga meza mpaka wakatulia, akasema hilo la masomo yote ni kubwa kuliko kikao hiki, litapelekwa juu na litajadiliwa. La mhadhiri limepita, pamoja na mwisho wake. Akili mnemba itatafutiwa nafasi kwa kupunguza saa za masomo mengine mawili, na wenye masomo hayo wakae na kijana wa kampuni. Kisha akatukumbusha kwamba muda umekwenda, akaomba dua ya kufunga.

Nilisimama, nikainua mikono, na maneno niliyoyazoea tangu utotoni yakachelewa kuja. Mwishowe nikamshukuru Mwenyezi Mungu kwa walimu wanaokubali kufutwa, nikamwomba awahurumie wale wa nyumba mbili za Chemba, nikapangusa uso. Mchungaji akaomba kwa Kigogo.

Nje palikuwa na chai na maandazi, na upepo unapeperusha vitambaa vya meza. Binti yangu alikuja mbio kumtafuta Mwalimu. Alitaka kupiga magoti, Mwalimu akamzuia kwa kumshika kiwiko. Binti akamnyooshea karatasi za somo lake, zile zilizokuwa ndani ya kabrasha alilolishikashika tangu jana barazani, akamwomba azisome amwambie penye makosa kabla hazijaenda kuchapwa.

Mwalimu akaweka mikono nyuma. "Mimi nitalisifu tu, mwanangu. Nimekwisha kukupenda, sioni tena makosa. Mpe yule."

Alikuwa anamwonyesha kijana wa kampuni, aliyekuwa peke yake upande wa pili na andazi mkononi. Binti yangu alimtazama Mwalimu, kisha akanitazama mimi, kama vile nitamwombea udhuru. Nikainamia chai yangu. Akaenda.

Sikuyasikia yote waliyosema. Nilimwona kijana anakataa kwanza, anacheka, anasema kwamba yeye akilisoma atalichanachana. Nilimsikia binti yangu anamwambia ndicho anachokitaka, ila achanechane kwa sababu, na kila anapochana aandike ni kwa nini. Kijana akafuta mikono kwenye suruali yake, akapokea. Nami niliyedhani nimekwisha kushangaa kwa siku moja, nikashangaa tena kumwona binti yangu anamvutia kiti mtu aliyetaka somo lake lisiwepo, wanakaa, wanafungua ukurasa wa kwanza, na yeye ananyamaza amsikilize.